Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, usihangaike. Nitakukumbusha kwa kifupi, kukumbusha ndiyo kazi yangu.

Mimi ni mnong'onezaji wa jumba la maigizo. Nakaa kwenye stuli pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, na daftari la mchezo mapajani. Mwigizaji akisahau, namrushia neno. Watazamaji hawanioni wala hawanisikii. Wenzangu huniita Mnong'ono. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Mwigizaji wetu mkuu ni dada yangu wa tumbo moja. Mji mzima unamwita Malkia. Tangu mwaka huu uanze, dada alikuwa anasahau. Alianza kwa kusahau neno, ukaja mstari, ukaja ukurasa mzima. Nikaapa kumfichia. Kila onyesho nikawa namlisha mchezo mstari kwa mstari, kama mtoto anayelishwa uji, na watu wasijue.

Jumamosi, mwisho wa sehemu ya pili, pale mama anaposimama mbele ya hakimu kumlilia mwanawe, dada alikwama. Akanigeuzia jicho. Nikatazama ukurasa wa arobaini na moja, nikanong'ona. Naye akatamka kwa ile sauti yake inayofika viti vya nyuma kabisa:

"Mlango ulifungwa kwa kufuli kutoka nje! Nawe ukasimama ukasema marehemu alikuwa mlevi!"

Maneno hayo hayamo kwenye mchezo.

Watazamaji wakasimama na kupiga makofi hadi vumbi likadondoka darini. Lakini nyuma ya pazia, Mama Sindano, mshonaji wetu wa mavazi, aliangusha pasi. Na Mwalimu, mwongozaji wetu, ambaye pia ndiye aliyevaa joho la hakimu, alifungua mdomo, akaufunga, akasema, "Baraza limeahirishwa," kisha akajaribu kutokea kwenye mlango wa kuchora.

Kila mtu wa jumba lile alijua marehemu ni nani. Ni fundi wetu wa taa. Mume wa Mama Sindano. Mwaka wa saba huu yuko kaburini.

Hapo ndipo tulipoachana.

*

Jumapili saa tatu asubuhi tuliitwa wote jukwaani. Onyesho la siku hiyo lilikuwa saa tisa alasiri, na tiketi zilikuwa zimekwisha.

Birika la chai likazungushwa kama kawaida yetu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunywa.

Mwalimu akasimama katikati ameshika daftari langu.

"Nani ameandika ukurasa huu?"

Akalifungua, akaliinua juu tulione.

"Mnong'ono, njoo. Huu mwandiko wa nani?"

Nikasogea. Daftari langu lote nimelinakili kwa mkono, kwa hiyo herufi zangu nazijua. Wino mweusi, maneno yamelala kidogo upande wa kulia, mikia ya herufi mirefu kama ya panya.

"Wangu," nikasema.

Watu wakaanza kunong'ona. Siku hiyo ndiyo nilijua kunong'onwa kunauma vipi.

"Lakini sikuandika mimi."

Fundi Seremala, mzee anayetujengea majumba ya mbao, akacheka peke yake. "Kwa hiyo mkono ulitoka, ukaandika, ukarudi kulala?"

"Fundi, huu si wakati wa utani," Mwalimu akasema.

"Nani anatania? Mimi mikono ya namna hiyo naiogopa."

"Ukurasa wa kweli umechanwa, huu ukabandikwa kwa gundi. Gundi humu ndani anayo nani?"

Kicheko cha Fundi kikakatika. "Kopo langu limepotea tangu Alhamisi. Niliwauliza watu wote."

"Ulimwuliza nani?"

"Nilipiga kelele hapa jukwaani. Ukipiga kelele jukwaani umewauliza wote."

Nikatazama nyuso. Kipusa, binti anayekaa akiba kwa nafasi ya dada yangu, alikuwa anachunguza kucha zake. Mama Sindano alikuwa ameketi kwenye ngazi za kasri letu la mbao, pini tatu mdomoni, anapindia gauni. Hakuinua macho. Dada alikaa kwenye kiti cha enzi, ametulia, anatazama viti vitupu kama mtu anayesubiri gari.

"Kabla ya saa tisa nitakuwa nimemjua," Mwalimu akasema. "Na leo, Mnong'ono, daftari huligusi. Atashika Kipusa."

Kipusa akanyoosha mkono upesi mno. Nikaliona hilo, nikaliweka akilini.

Ila hofu yangu haikuwa Kipusa. Hofu yangu ilikuwa dada. Bila mimi pale pembeni, mbele ya jumba lililojaa, ataaibika. Nikamtazama. Akanitabasamia kama mtoto.

*

Sasa niseme jambo ambalo nimewaficha.

Wiki tano nimekuja hapa kuwalilia. Mume alivyohama na godoro, mwenye nyumba alivyonitolea vyombo uani, nanyi mkanionea huruma kama kuku aliyenyeshewa. Barua zenu nimezisoma. Mmoja aliandika, "Dada, wewe ni malaika wa duniani." Ndugu yangu, njoo uchukue barua yako.

Kufuli lile nilifunga mimi.

Miaka saba iliyopita watu walikuwa wanapenya bure kwa mlango wa nyuma. Siku ya onyesho moja kubwa Mwalimu aliniambia, "Mama, sehemu ya pili ikianza, piga kufuli." Nikapiga. Hakuna aliyeniambia fundi wa taa ameshuka kwenye chumba cha swichi, huko huko nyuma. Waya zikashikana. Moshi ukajaa. Sisi tukawatoa watazamaji kwa mlango wa mbele, tukahesabiana barabarani, tukakuta mmoja hayupo.

Tulipozunguka nyuma na polisi, mlango ulikuwa wazi. Fundi wa taa alikuwa amelala nje yake, hatua mbili tu, hana uhai. Kufuli halikuwepo.

Polisi akauliza, "Mlango huu ulikuwa umefungwa?"

Mwalimu akajibu, "Huwa haufungwi. Marehemu alikuwa anakunywa. Nadhani alishindwa kuuona kwa wakati."

Akanigeukia mimi. "Si ndiyo, Mama?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Mimi ninayelipwa kwa kuwakumbusha watu maneno ya kweli.

Mlevi hakuwa. Hata soda alikuwa anaogopa, inamjaza tumbo.

Na kuna kingine. Mnong'onezaji husoma mstari mmoja mbele ya mdomo wake. Jicho linatangulia, sauti inafuata. Jumamosi ile niliuona mstari wa ukurasa wa arobaini na moja kabla sijaunong'ona. Nilijua si wa mchezo. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kurusha mstari wa kweli, maana naujua kichwani kama jina la mama yangu: "Mheshimiwa, mwanangu aliomba maji tu."

Sikufanya hivyo. Miaka saba maneno yale yalikuwa yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na sasa mtu alikuwa amenipa ruhusa kwa maandishi.

Swali lililonikosesha raha ni moja tu. Mtu huyo ni nani?

*

Nilianza na Kipusa. Nilimkuta chumba cha kuvalia, anajisomea daftari langu mbele ya kioo.

"Limekufaa?" nikauliza.

"Shikamoo, Shangazi. Mwandiko wako mzuri. Hata mjinga anausoma."

"Na kuuiga je?"

Akaweka daftari chini. "Shangazi, nafasi ya Malkia naitaka, sikatai. Nimekaa akiba miaka mitatu, hata mafua hapati. Lakini ningetaka kumwangusha ningeandika upuuzi, watu wamcheke. Aliyeandika ule ukurasa kampa makofi ambayo hajayapata mwaka mzima."

Binti ana akili kuliko nilivyomdhania, nikazidi kumwogopa.

Nikaenda kwa Fundi. Alikuwa anapiga msumari kwenye mguu wa kizimba cha mahakama.

"Gundi umeipata?"

"Imerudi yenyewe. Nimeikuta asubuhi hii kwenye rafu, kifuniko kimekazwa barabara. Humu ndani hakuna fundi anayekaza kifuniko namna hiyo. Huyo ni mtu wa adabu."

"Mwanamke?"

"Nimesema mtu wa adabu. Wewe ndiye umesema mwanamke." Akanitazama juu ya miwani. "Mnong'ono, yule marehemu alikuwa anaazima bisibisi yangu na kuirudisha ikiwa imefutwa. Mlevi hafuti bisibisi. Hilo nilitaka ulijue tu."

Nikaondoka shingo ikiniwasha. Kumbe hata yeye alishuku.

Sikufika mbali. Mkono wa Mwalimu ukanivuta chumba cha vifaa, katikati ya mapanga ya mbao na matunda ya nta. Akafunga mlango.

"Umeamua kunizika?"

"Sikuandika mimi, Mwalimu."

"Habari ya kufuli anaijua nani? Mimi na wewe. Mimi sikuandika. Sasa hesabu imebaki ngapi?"

"Pengine kuna mtu aliona."

"Kama angeona angesema miaka saba iliyopita." Akashusha sauti. "Umemwambia nani?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Uongo. Wiki ile ile ya msiba nilimwambia dada. Nilimlalia mapajani nikamwaga yote, naye akanifuta machozi kwa ncha ya gauni lake la jukwaani akasema, "Limekwisha, mdogo wangu. Usimwambie mwingine." Lakini dada wa leo hawezi kukumbuka amekula nini asubuhi. Nikamtoa kwenye hesabu.

Mwalimu akasogea karibu. "Sikiliza, Mama. Hili jambo likifumka, mimi nilitoa agizo, basi. Mkono uliofunga ni wako. Shahidi aliyesema ndiyo ni wewe. Kwa hiyo leo tukimaliza, utasimama mbele ya wenzio useme uliandika kwa hasira, ulikuwa na ugomvi na mimi, na hakuna ukweli wowote. Utaomba radhi. Hasa kwa Mama Sindano."

"Nisipofanya hivyo?"

"Basi na mimi nina mdomo."

Nilipotoka nilijikuta ana kwa ana na Mama Sindano mwenyewe. Alikuwa amebeba gauni la dada.

Sijui alikuwa amesimama pale muda gani.

"Shika hapa," akasema, pini bado mdomoni.

Nikashika pindo. Akapiga magoti, akaanza kushona miguuni pangu kimya kimya, mshono mmoja baada ya mwingine. Nilihesabu ishirini na sita. Uzi ukaisha, akaukata kwa meno.

"Asante," akasema, akaondoka.

Wasomaji, afadhali angenipiga kofi.

*

Saa tisa pazia lilifunguliwa.

Sikuruhusiwa kukaa kwenye stuli yangu, kwa hiyo nilisimama nyuma ya kasri, nikachungulia kwenye tundu la ufunguo la mlango wa malkia. Kipusa alikuwa pale pembeni na daftari langu, ameketi kama anayesubiri kupigwa picha.

Dada akaingia.

Mstari wa kwanza ukatoka. Wa pili. Mimi midomo yangu ilikuwa inacheza yenyewe. Kwenye ukurasa wa sita huwa anakwama. Nikafumba macho.

Akapita.

Ukurasa wa kumi na moja, pale kwenye majina ya vijiji tisa, ambapo kila siku namlisha jina moja moja. Akayataja yote tisa kwa mpangilio, na la mwisho akalivuta kwa mbwembwe.

Nikadhani ni bahati. Mungu ana siku zake.

Ukurasa wa ishirini. Wa thelathini. Hakukwama hata mara moja. Hakumtazama Kipusa hata mara moja. Binti wa watu alikuwa amekaa na daftari kama aliyebeba mwavuli siku ya jua.

Tukafika mahakamani. Mwalimu kwenye kiti cha hakimu, jasho linamchuruzika hadi kwenye kola. Dada akamwendea. Akasimama. Akanyamaza.

Ulikuwa ukimya wa kupangwa, ninaujua. Alimwacha Mwalimu aive kwenye joho lake, moja, mbili, tatu, nne. Nikaona mikono ya Mwalimu inashika kingo za kiti.

Kisha dada akasema taratibu, "Mheshimiwa, mwanangu aliomba maji tu."

Maneno ya kweli. Neno kwa neno.

Pazia likafungwa kwa mapumziko. Miguu yangu ikanipeleka chumba chake kabla akili haijaamua.

*

Alikuwa ameketi mbele ya kioo, anajipaka poda. Nikafunga mlango.

"Dada, unaendeleaje na kichwa?"

"Kichwa kizuri."

"Hujasahau hata neno."

"Naona."

"Miezi minane nimekulisha kila mstari. Miezi minane silali nikifikiria utakwenda wapi ukisahau na jina lako. Nimekupeleka kwa madaktari wawili!"

"Wote walisema sina kitu. Hukuwasikiliza."

Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu na yameamka kabisa.

"Sijawahi kusahau mstari maishani mwangu, mdogo wangu."

Nikakaa kwenye sanduku la viatu.

"Nani alikufundisha kuandika?" akaniuliza.

Nikaona sakafu ya nyumbani, mkaa, mkono wake mkubwa umeshika mkono wangu mdogo, tunavuta mikia ya herufi. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Mwandiko wangu ni wake. Si kwamba unafanana. Ni wake.

"Ni wewe," nikasema. "Gundi ya Fundi, ukurasa, kusahau, kila kitu."

"Ningekuambia usimame uyaseme, ungeyasema?"

"Hapana."

"Ndiyo maana. Ilibidi uzoee. Ilibidi nikuzoeshe kunisomea kila neno bila kuuliza. Halafu nikaweka ukurasa nikakuachia. Ungeweza kuuruka. Nilikupa nafasi." Akainama akanishika kidevu. "Hukuuruka."

"Kwa nini, dada? Baada ya miaka saba?"

"Kwa sababu ile siri inakula. Umekonda. Mume kakukimbia kwa sababu ulikuwa unapiga kelele usingizini, hukuwahi kujua hilo. Yeye mwenyewe aliniambia. 'Anafunga mlango kila siku akilala,' alisema." Akanifuta shavu. "Nenda kwa Mama Sindano. Mwambie kwa mdomo wako. Mwambie ulifunga kwa agizo la Mwalimu, na wote wawili mlidanganya. Sema hivyo hivyo. Wewe na Mwalimu."

"Twende wote."

"Mimi nina sehemu ya tatu." Kengele ya mwisho wa mapumziko ikalia. Akasimama, akanyoosha gauni. "Hili ni lako. Wewe na Mwalimu."

Alilisema mara mbili. Wakati ule nilidhani ni upendo tu.

*

Chumba cha ushonaji kiko mwisho wa korido. Cherehani ilikuwa inanguruma. Mama Sindano hakugeuka.

"Ingia. Hata kupumua kwako nakujua."

Nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, lakini hapakuwa na mtu wa kunirushia neno la kwanza.

"Kufuli nilipiga mimi," nikasema. "Sikujua kama yumo. Na polisi nikawadanganya. Mumeo hakuwa mlevi. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ulijue."

Cherehani ikasimama.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Nimejua tangu siku ile."

Akaondoa kitambaa kwenye cherehani, akakikunja.

"Mimi ndiye niliyemwosha miguu na mikono," akasema. "Viganja vilikuwa vimechubuka kwa kugonga. Mtu hagongi mlango ulio wazi. Nikajua ulikuwa umefungwa, na wanaoshika makufuli humu ndani ni wawili, wewe na bwana mkubwa. Nikasema, wana roho, siku moja watakuja. Nikangoja. Mwaka wa kwanza kwa hasira. Miaka mingine nilingoja kwa sababu kuna swali moja, na bila nyinyi kukiri sikuweza kuliuliza."

"Uliza."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mwalimu, bado na joho la hakimu, kofia mkononi.

"Mnong'ono! Umemwambia nini?"

"Amenieleza yote," Mama Sindano akasema, bila kupandisha sauti. "Kaa na wewe, Mheshimiwa. Leo baraza haliahirishwi."

Sijui nguvu ile aliitoa wapi. Mwalimu akakaa, juu ya fungu la mapazia makuukuu.

"Mlango ulikuwa na kufuli," Mama Sindano akaendelea. "Mume wangu alikuwa ndani anagonga. Lakini alikutwa nje. Hatua mbili. Mlimwona wenyewe. Amelazwa chali, miguu imenyooshwa, mikono imewekwa kifuani. Mtu akikata roho kwa moshi hajinyooshi namna ile. Kuna mtu alifungua, akamvuta, akamlaza. Akachukua kufuli akaenda zake. Hakuita mtu. Hakupiga kelele. Swali langu ni hilo. Nani kati yenu?"

Nikamgeukia Mwalimu. Miaka yote nilikuwa najua ni yeye, sikuwahi hata kuuliza. "Mwambie," nikasema. "Mwambie ulimkutaje."

Mwalimu alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

"Mimi? Mimi nilikuwa mbele, barabarani, nawahesabu watu. Sikwenda nyuma hadi polisi walipokuja." Kofia ikamdondoka. "Nilidhani ni wewe. Miaka saba nimekuwa nikikulinda kwa sababu nilidhani ulirudi, ukamfungulia, ukakuta umechelewa."

"Na mimi nilikuwa barabarani. Ulinishika mkono!"

"Nilikushika, kweli." Akasema tena, polepole. "Nilikushika mkono."

Tukatazamana. Watu wazima wawili, tumekaa juu ya uongo mmoja miaka saba, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeubeba upande mzito.

Jukwaani makofi yalianza. Sehemu ya tatu ni fupi; mchezo umekwisha. Yalikuja kama mvua juu ya bati, yakapungua, yakaja tena.

"Kufuli lile lilikuwa na funguo ngapi?" Mama Sindano akauliza.

"Mbili," nikasema.

"Mmoja?"

"Mfukoni mwangu. Ulikaa mfukoni mwangu hadi nikautupa kisimani."

"Na wa pili?"

Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipoukumbuka. Sikuwa nimeusahau. Nilikuwa nimeupita kila siku, kama unavyopita mlango wa jirani mliyegombana naye. Siku ile, nikiwa na haraka, nilikwenda kwenye chumba cha dada cha kuvalia, enzi hizo kilikuwa uani, karibu kabisa na mlango wa nyuma, hatua kumi tu. Nikaweka ufunguo mezani, kati ya poda na wanja. Nikasema, "Dada, ukisikia mtu wetu anagonga, mfungulie."

Nikalisema hilo kwa sauti, pale pale, mbele yao. Sikuchagua. Lilitoka.

Mwalimu akashika kichwa. Mama Sindano alitoa pini ya mwisho mdomoni, akaichoma kwenye kifuko cha pini, polepole sana.

Makofi yalikuwa yamekwisha. Koridoni viatu vikaja, visigino vya malkia, navijua, kwa, kwa, kwa. Havikuwa na haraka.

Dada akasukuma mlango. Jasho limechora mito kwenye poda, taji bado kichwani. Akamtazama Mama Sindano. Akamtazama Mwalimu kwenye mapazia. Kisha akanitazama mimi, na lile tabasamu la mtoto halikuwepo tena.

Hakuuliza kuna nini.

Aliuliza, "Nani amewaambia?"